Mama, Mbegu Zako Bado Ziko Darini

Mpendwa Mama,

Mjukuu wako Upendo ametangaza leo mchana, akiwa mezani na kijiko mkononi, kwamba chakula cha kule kimekwisha. Sanduku la mikate halina kitu, la viazi halina kitu, na shamba la nyuma ya nyumba ni udongo mtupu. Nilimuuliza kama ana hakika. Akanigeuzia kishikwambi nijionee mwenyewe. Nimekagua. Ni kweli.

Wewe "kule" unakujua. Barua hii wataisoma na wengine, kwa hiyo nieleze: ni dunia ya ule mchezo wa kujenga kwa matofali, ambayo wewe na Upendo mliijenga sebuleni kwangu hapa Uyole, ulipokuja kutoka Kilolo kutibiwa mguu. Daktari alikuwa amekukataza kusimama muda mrefu. Ulikaa ukachoka kukaa. Mtoto akakusogezea kishikwambi akakuonyesha mahali pa kugusa.

Nakukumbuka kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, kitenge mabegani kwa ajili ya baridi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabara kuu, na malori yalipita yamewasha taa mchana. Kwenye kioo kilichokuwa juu ya paja lako, jua la mraba lilikuwa linachomoza. Siku za kule ni fupi. Chai yako ilikuwa haijapoa na jua lilikuwa limeshatua, nyota zimetoka, kondoo wamelala, na mara kunapambazuka tena. Ukungu wa dirishani na asubuhi za kule vilichanganyika usoni pako. Nilikuwa napita na karatasi zangu za kazini, nasimama, nasahau nilikuwa naenda wapi.

Swali lako la kwanza lilikuwa la mkulima.

"Mahindi yako wapi?"

"Humu hakuna mahindi, Bibi," Upendo alikujibu. "Kuna ngano, karoti na viazi."

"Nchi gani hiyo haina mahindi? Watu wake wanakula nini?"

"Mikate."

"Asubuhi mkate, jioni mkate? Hawaumwi tumbo?"

Ulipoiona mianzi ukauliza kama inagemwa ulanzi, ile pombe yetu. Ukaambiwa haigemwi. Ukatikisa kichwa, ukasema aliyeiumba nchi ile alikuwa na haraka.

Kisha ukaingia kwenye masanduku. Upendo alikuwa amejifunza kuyapanga kwa wenzake wa shuleni: mawe na mawe, mbao na mbao, pamba na pamba, kila sanduku na kibao chake mbele. Nyumba ilikuwa safi kama duka la vifaa vya ujenzi. Ulizunguka ndani yake polepole, ukigonga kuta, maana kidole chako kilikuwa hakijazoea.

"Sasa mtu akiingia na njaa anaanzia wapi?" ukamuuliza.

"Anasoma kibao, Bibi."

"Mwenye njaa hasomi."

Nyumbani kwetu vitu hupangwa kufuatana na nani anaruhusiwa kuvigusa. Cha kula hukaa jikoni, usawa wa mkono wa mtoto. Cha mgeni hukaa karibu na mlango wa mbele, ili mgeni asipite mbele ya moto wa watu kabla hajala. Cha shughuli, yaani msiba au harusi, hukaa chumbani kwa mwenye nyumba. Na mbegu hukaa darini juu ya moto, moshi uzipitie, wadudu wasiziguse. Ukaibomoa kazi yote ya Upendo na kuipanga upya hivyo. Alilia kidogo. Ukamwacha alie, ukaendelea kupanga.

Kule, masanduku mawili yakiwekwa ubavu kwa ubavu huungana yakawa moja kubwa. Hukujua. Uliweka la kula ukutani, ukaweka la mgeni upande wa pili wa mlango wa jikoni, halafu ukabadili nia ukalisogeza karibu. Nilikusikia ukipiga kelele hadi nikatoka chumbani nikidhani mguu umeteguka.

"Cha mgeni kimemezwa! Upendo, kitenganishe haraka!"

"Bibi, hakuna wageni huku. Tupo sisi wawili tu."

"Ndiyo maana huwaoni. Hujawawekea kitu."

Sanduku la mgeni likahamia kibarazani. Ndani yake uliweka mikate na tochi za kuwashia njia. Lipo hadi leo na limejaa. Hata baada ya chakula kingine kwisha, Upendo hajaligusa, kwa kuwa yeye si mgeni.

Viazi vilikupa kazi zaidi, maana kiazi ni chakula na hicho hicho ni mbegu. Kule kila kiazi kinafanana na mwenzake kama matone ya mvua. Nilikuchungulia ukivitenga kimoja kimoja, hiki cha kula, hiki cha darini, midomo ikitembea. Upendo alikwambia vyote ni sawa. Ukamjibu, "Sawa kwako wewe."

Naandika sasa jambo ambalo limetufikisha hapa. Ulipowasha moto wa kuni katikati ya jiko, moshi ukapanda wima kama unavyopanda kwetu siku isiyo na upepo. Juu yake ukapanga mihimili, na juu ya mihimili ukaweka sanduku la mbegu: ngano, karoti, viazi vyako vilivyochaguliwa. Lilipokuwa limejaa, Upendo akaezeka. Paa likakaa juu kabisa ya sanduku, bila nafasi hata ya ukucha. Siku ya kupanda ukagusa sanduku. Halikufunguka. Ukagusa tena.

Upendo alicheka hadi akakaa chini. Kule, sanduku lenye tofali juu yake halifunguki, mfuniko hauna pa kuinukia. Mtoto yeyote anajua. Aliyezaliwa kwenye nyumba ya kuanika mahindi darini ndiye anayeweza kulisukuma sanduku mpaka likagusa paa.

"Tulishushe, Bibi. Tuliweke chini, pembeni."

"Liache. Nani kasema mbegu ifunguke kirahisi? Anayeitaka aezue."

Ikawa ndiyo sheria. Kila msimu mlipanda juu ya paa kwa ngazi, mkang'oa matofali, mkatoa mbegu, mkaezeka tena. Ulilalamika kila mara na kila mara ulikataa lishushwe. Ninawaona bado mkipokezana kioo, maana kishikwambi ni kimoja: yeye anapanda ngazi, anakupa; wewe unang'oa, unampa.

Mguu ulipopona ulirudi Kilolo. Ulifariki kabla ya mvua za kwanza, usingizini, na hilo umeshalisikia likisemwa na watu wote waliokuja kututuliza moyo kwa maneno mazuri. Sina la kuongeza. Siku ya kuondoa matanga, kihenge chako kilifunguliwa na mdogo wako, Mama mdogo Anjela, kama ilivyo kwetu: ghala la mama aliyefariki watoto hawaligusi mpaka ndugu yake wa tumbo moja alifungue na kuwagawia mbegu. Alitupimia kila mmoja wetu kwa kibuyu. Mahindi yangu yameota nyuma ya nyumba na yanafika magotini.

Upendo alikuwa amesimama karibu yangu siku ile. Aliuliza kwa sauti, "Na lile la kwenye kishikwambi atafungua nani?" Watu wakacheka, nadhani kwa kuchoka kulia. Tangu hapo hajapanda kitu kule. Amekula mikate mpaka ikaisha, akala viazi mpaka vikaisha. Nilimwambia achinje kondoo. Akaniambia Bibi aliwapa majina.

Nilichelewa kuelewa. Nilifikiri amechoka na mchezo, kama watoto wanavyochoka. Kumbe kila alasiri anaingia, anakaa karibu na moto, anatazama juu. Kidoli chake cha mchezoni kina njaa na hakiwezi tena hata kukimbia. Anasema mimea ya kule haikui kama hakuna mtu wa kuwa karibu nayo. Niliuliza kwa wanaojua, wakathibitisha: ukiondoka, shamba linasimama pale pale ulipoliacha. Siku zote tulizokuwa Kilolo tukikuzika, kule halikuota jani, wala halikunyauka. Sijui nilifanye nini jambo hilo. Nimelibeba tangu nilipoambiwa.

Mchana huu, baada ya kula, nilimwomba kishikwambi nikaingia peke yangu. Nilikuwa nimeamua kumaliza. Ningepanda, ningeng'oa tofali, ningetoa mbegu, ningemwambia maisha yanaendelea. Ndivyo ninavyowaandikia wasomaji kazini. Jiko lilikuwa na mwanga wa dhahabu. Moto wa kule hauzimi. Moshi ulikuwa unapita kwenye mihimili, polepole, unagusa sanduku, unapotelea kwenye paa. Nje mvua ilikuwa inaanguka kwa mistari iliyonyooka na nje ya dirisha langu ilikuwa inaanguka pia. Nilipanda ngazi. Nilikuwa na shoka mkononi. Nikaona kwamba nikipiga, mtoto atapata ngano, na hatanisamehe, na wewe usingeniunga mkono. Nikashuka nikampigia Mama mdogo.

"Kamwene, Mama mdogo."

"Kamwene, Mama Upendo. Kuna nini? Mbona unapiga simu wakati wa mvua?"

Nikamwambia kuna kihenge kingine cha dada yake hakijafunguliwa.

"Kiko wapi?"

"Kwenye kishikwambi."

"Kinavuja?"

"Hapana."

"Panya?"

"Humo hakuna panya."

"Basi mnalia nini, kihenge kizuri hivyo!" Kisha nikasikia mvua ya kwake. "Ndani kuna mbegu alizochagua mwenyewe?"

"Moja moja. Niliona."

"Na mtoto amekataa kuzila."

"Amekataa. Amebaki na njaa kule."

"Huyo ni wa kwetu," akasema. "Nitakuja. Ila msinishike mkono kama kipofu. Nionyesheni pa kugusa, nitagusa mwenyewe."

Upendo alikuwa mlangoni, kumbe anasikiliza. Alichukua kishikwambi, akakaa kwenye kile kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekikalia tangu uondoke. Nilipopita nyuma yake alikuwa analima. Mstari baada ya mstari, na mfereji wa maji katikati, udongo ukigeuka mweusi kwa unyevu. Alikuwa na njaa na analima. Nilimuuliza kama anataka chai. Akasema, "Baadaye Mama, nataka Bibi Anjela akute pameshalainika."

Mama, kwa kawaida sina imani na barua kwa marehemu. Kazini nimezihariri nyingi na zote zinaomba mtu arudi. Mimi siombi hilo. Nakupa taarifa kwamba mpangilio wako unashika, na mjukuu wako ameuelewa kuliko mimi niliyekulia ndani yake. Baki salama ulipo. Huku mvua inaendelea.

Mama mdogo anapanda basi la kwanza la Jumamosi kutoka Iringa. Atapumzika, atakula, ataonyeshwa pa kugusa. Paa litaezuliwa Jumapili baada ya ibada, na ngano itakuwa ardhini kabla ya chakula cha mchana.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Uyole.