Shemeji Alijifunza Taipu kwa Siri

Nakuru, Jumapili, Julai 1957

Baridi. Tangu asubuhi ukungu umekaa juu ya Menengai na haujaondoka, na manyunyu yanaanguka kwenye mabati bila haraka yoyote. Sikwenda kanisani. Barasa atakuwa amesimama pale mbele na kwaya, akiimba kwa ile sauti yake nzito, na leo sina nguvu za kumtazama akimwimbia Mungu.

Nimeketi kitandani, blanketi mabegani. Ninaandika kwa kalamu kwa sababu wiki hii nimechoka kusikia mashine.

Niyaeleze mambo vizuri, nisije nikasoma haya siku moja nikadhani nilikasirika bure.

Barasa ni mume wa dada yangu Rasoa. Alipokuja Nakuru hakuwa na kazi. Mimi nilikuwa tayari karani katika kampuni inayonunua pareto na mahindi ya mashamba ya Molo na Njoro. Ni mimi niliyempeleka kwa meneja nikasema, huyu ni mtu wetu, anajua kusoma na kuandika, mpe nafasi. Ni mimi niliyemfundisha mashine ya taipu, saa ya chakula cha mchana, nimesimama nyuma ya kiti chake huku viazi vyangu vikipoa kwenye bakuli. Tulipanga vyumba vinavyopakana hapa lokeshen, mtaa wa Waafrika, na kila jioni nilikula kwao. Dada alikataa kabisa nijipikie. Alisema nitakonda aje kuulizwa na mama.

Nilimfundisha Barasa nilichokijua, na nilichokijua nilijifunza peke yangu, misheni kule Molo, kwenye mashine iliyokuwa imeanguka ikapinda. Herufi A ilikuwa ngumu, haikusikia kidole, ilitaka kusukumwa kwa dole gumba. Basi mpaka leo A naipiga kwa dole gumba la kushoto, hata kwenye mashine nzima. Herufi zilizobaki nimezigawia vidole vitatu, viwili vya kulia na kimoja cha kushoto, na macho yangu hayatoki kwenye mashine. Wenzangu husema napiga taipu kama kuku anayedonoa punje. Lakini hakuna aliyewahi kunipita. Meneja wetu, ambaye sisi tunamwita Bwana Miwani, akiwa na barua ya haraka alikuwa akipita meza za wengine wote akaja kwangu.

Mwaka huu karani mkuu, Mgoa mmoja mzee, alisema anarudi kwao. Nafasi yake ingepewa mmoja wetu. Mwafrika wa kwanza kuketi ofisi ya juu! Na nafasi hiyo ina nyumba: vyumba viwili vya mawe, jiko lake, bomba la maji uani.

Ofisi nzima ilisema ni yangu. Barasa ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote.

"Shemeji, ukipanda juu usitusahau sisi wa chini," alikuwa akiniambia, na kunipiga begani, na kucheka.

Jumatatu ikawa mtihani. Bwana Miwani alituita mmoja mmoja. Niliingia wa kwanza, nikaketi, nikakunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kula. Yeye akachukua kitambaa cheupe cha kufutia mikono, akakitandaza juu ya mashine, kikafunika herufi zote.

"Mikono ingia chini ya kitambaa. Macho kwa karatasi. Hapana angalia mashine."

Nilidhani anatania. Nikatabasamu. Hakutabasamu.

Nikaingiza mikono chini ya kile kitambaa, na sikujua niko wapi. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Ni kama kuamka katika chumba cha mtu mwingine. Nilipiga kwa kukisia, nikasikia kengele ya mwisho wa mstari, nikarudisha roli, nikaendelea kukisia. Alipoitoa karatasi, hapakuwa na neno hata moja la kusomeka. Yalikuwa maneno ya mgonjwa wa malaria.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Pole, Nathani," akasema. Afadhali angenifokea.

Kisha akaingia Barasa. Mlango haukufungwa vizuri, nikawa nasikia. Mlio wa taipu ya Barasa naujua, mimi ndiye niliyemfundisha. Ule haukuwa mlio wake. Ulikwenda sawasawa, haukusimama kutafuta, kama cherehani kwenye kitambaa kipya.

Alitoka akitazama viatu vyake. "Nimebahatisha tu, shemeji," akasema.

Nikamwamini.

Nikampa mkono mbele ya wote. Jioni nikawa wa kwanza kumpa dada habari, kwa furaha niliyoitafuta njia nzima, kwa sababu niliona si vizuri mume wake ashinde halafu ndugu yake anune. Rasoa alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. Alisema, "Mungu ni mwema," akaendelea kusonga, na ugali ulikuwa umeshaiva.

Jumatano nilitumwa posta. Nikiwa kwenye foleni ya stempu, mama mmoja Mgoa akanigusa mkono. Simjui, lakini kila mtu mjini anamjua kwa jina: Mama Fernandes, anayefundisha taipu katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa.

"Wewe ndiyo Nathani wa kampuni ya pareto?"

"Ndiyo, Mama."

"Yule hapana taka kusoma?"

Nikamwambia sijamwelewa. Akanitazama kwa namna ya mtu aliyefungua mlango usio wake. Kisha akanieleza pale pale, watu wakitupita.

Meneja wetu alimwomba mwanzoni mwa mwaka awafundishe makarani wake wawili kupiga taipu kwa vidole vyote bila kutazama, maana ofisi ya juu inataka hivyo. Makarani hao walikuwa Barasa na mimi. Wiki ile mimi nilikuwa Molo kwenye mizani ya pareto, kwa hiyo Bwana Miwani alimpa Barasa ujumbe anifikishie. Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi. Barasa alikuja peke yake.

"Mimi nauliza yeye, wapi ile mwenzako? Yeye nasema, meneja pia naambia hivyo, shemeji yangu amekataa. Nasema vidole yake inatosha. Mimi naweka kiti yako mwezi muzima, karibu na dirisha. Kila siku naangalia mlango."

Jumanne na Alhamisi.

Siku za mazoezi ya kwaya! Tangu Januari nilikuwa nikimsubiri Barasa siku hizo tule pamoja, naye akirudi amechelewa, akinawa, akisema mwalimu wa kwaya ni mkali. Pasaka kwaya iliimba wimbo mpya na nikamwona Barasa anafungua mdomo tu, hajui maneno. Nilimuuliza dada. Akaniambia mume wake ana mafua ya koo.

Dada yangu ndiye aliyeniambia hivyo.

Sikumbuki nilirudije ofisini. Nakumbuka nilisahau stempu.

Jioni niliingia kwao bila kubisha hodi. Barasa alikuwa amevua viatu. Rasoa alikuwa anachambua kunde kwenye ungo.

"Nimeonana na Mama Fernandes," nikasema.

Nilitaka akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Badala yake aliweka miguu yake chini polepole, akasema, "Basi umejua."

"Kwa nini, shemeji?"

"Unataka nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Hapa Nakuru mimi ni shemeji ya Nathani. Kazi nimepewa na Nathani. Mashine nimefundishwa na Nathani. Hata nikila, Nathani ameketi pale. Siku moja nimepata kitu ambacho Nathani hana. Nikaona nikikugawia, kitakuwa chako tena. Ungekuja kwa yule mama ungenipita kwa wiki moja, na wewe unajua."

"Ukanisemea maneno ambayo sikusema."

"Si huwa unasema? Hapa hapa, kwenye meza hii, husemi vidole vyako vinatosha?"

Huwa nasema. Nasema nikiwa nimeshiba, nikitaka dada acheke. Sikujua kuna mtu anayaweka maneno yale ayapeleke mjini.

Niligeuka kwa Rasoa. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya kunde.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Akaanza kulia, lakini hakuacha kusema. "Nina mtoto anakuja, Nathani. Nataka azaliwe kwenye nyumba ya mawe. Nataka bomba uani, nisipange foleni ya maji na tumbo. Wewe uko peke yako. Utapata nafasi nyingine. Nikasema, Nathani atapata nyingine."

Sikumwambia nilichotaka kumwambia. Tangu tuliposikia habari za nyumba ile, nilikuwa nimekwisha kuigawa kichwani mwangu: chumba kikubwa chao, kidogo changu, jiko la dada. Sikuwahi kulitamka. Niliona ni jambo lililo wazi, kama vile mtu haambii mkono wake wa kulia kwamba utakula na wa kushoto.

Nilitoka. Nilikula mkate mkavu chumbani, na kupitia ukuta nikawasikia hawasemezani.

Barasa naweza kumwelewa. Naandika hili kwa uchungu lakini ni kweli. Mwanamume anachoka kuitwa kwa jina la mwingine. Lakini Rasoa aliniogesha nilipokuwa mdogo. Baba alipokuwa kazini kwenye treni siku nyingi na mama akiwa shambani kule nyumbani, ni yeye aliyenifunga vifungo vya shati. Miezi yote hiyo alinipakulia chakula akijua, akaniongezea mboga akijua. Ndilo linaloniuma, kwamba mboga haikubadilika ladha.

Alhamisi nilipanda ngazi za juu ya duka la vitambaa. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kukiona tu kile kiti. Mama Fernandes alionyesha dirishani kwa kidevu, nikaketi. Herufi za mashine zake zimebandikwa karatasi juu, huoni kitu. Alinishika vidole kimoja kimoja akavipanga kwenye mstari wa katikati.

"Sasa sahau yote," akasema.

Kulikuwa na wasichana wawili wa shule upande wangu wa kulia, walioanza mwezi uliopita, na walikuwa wakipiga mistari mizima huku wakitazama ukuta. Mimi, karani wa barua za haraka, nilikuwa nikitafuta S. Kila ilipofika A, dole gumba langu lilikurupuka kuifuata, na Mama Fernandes akaligonga kwa penseli. Hakuligonga kwa nguvu. Lakini kila alipoligonga nilihisi nanyang'anywa hata kile kidogo kilichobaki, kitu nilichokitengeneza mwenyewe kwenye mashine mbovu bila msaada wa mtu.

Nilitaka kuondoka. Sikuondoka. Nilipotoka, kidole changu kidogo cha kushoto, ambacho maisha yake yote hakikuwahi kufanya kazi, kilikuwa kinatetemeka.

Jana walihama.

Nilikuwa nimeamua kubaki ndani na mlango umefungwa. Kisha nikasikia Rasoa anajaribu kubeba sanduku, anahema, anaweka chini, anabeba tena. Nikatoka. Nikamnyang'anya sanduku, nikalipeleka kwenye mkokoteni. Kilibaki kitanda, cha mbao nzito, na mkokoteni ulikuwa umejaa.

Barasa alishika upande wa mbele, mimi nikashika wa nyuma. Tulikibeba kupitia lokeshen yote, kupitia mbele ya kanisa, mpaka kwenye nyumba za kampuni. Watu walituamkia, wakampongeza yeye, wakanipongeza mimi kwa ajili yake. Nilijibu wote. Njia nzima nilikuwa nikitazama mgongo wake, na mara moja miguu yake ilipoteleza kwenye tope niliushikilia uzito wote peke yangu mpaka akasimama vizuri. Ningeweza kuachia. Nilifikiri kuachia.

Nyumba ni nzuri. Sitasema uongo. Chumba kikubwa kina dirisha linaloangalia upande wa ziwa. Dada alifungua bomba uani akaweka mkono chini ya maji, akauacha pale, kisha akanitazama, na uso wake ulikuwa na furaha na aibu pamoja, na sikujua niiangalie ipi.

"Kaa ule, Nathani. Nimeweka chai."

"Siku nyingine, dada."

"Siku gani?"

Nikamwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli. Sikulitafuta ili limuumize, ingawa lilimuumiza.

Barasa alinisindikiza mpaka barabarani. "Asante, shemeji," akasema. Akangoja. Nilikaza kofia kichwani nikaondoka.

Leo nimeshinda ndani nikijiuliza nimeamua nini. Jumanne nitarudi kwa Mama Fernandes, hilo najua. Nitavumilia penseli yake. Dada nitamwendea, maana mtoto wake atakuwa mpwa wangu hata kama sikutaka, lakini sitakwenda wiki hii, na sitajifanya.

Kinachonisumbua ni kesho. Kazi yote ya chini sasa inakaguliwa na karani mkuu. Kesho asubuhi nitapanda ngazi na karatasi zangu, nitasimama mbele ya meza yake, na atanyosha mkono azipokee. Ofisini wameshaanza kumwita Bwana Barasa. Rasoa angependa niendelee kumwita shemeji, kama jana, kama mwaka jana.

Nitakapofika pale na kufungua mdomo, nitamwita nani?