Mbaazi za Shilingi Mia Tatu

Babati, 12 Septemba 2004

Mwanangu Ema,

Sisi wazima, ila goti la mama yako bado linasumbua, na dawa ya dukani imekula elfu nne bila faida. Wewe je, malaria imekuachia?

Unasema maikro, hilo somo lenu la uchumi, mwaka wa pili ni ngumu kuliko mwaka wa kwanza, na mwalimu anataka kila mmoja alete mfano wa biashara ya kwao, si wa kitabuni. Mimi ni darasa la nne. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu stendi, leo nina ghala. Serikali haikukuchukua kukusomesha, nakulipia mwenyewe. Kama mifano inatoka kwangu, na ada wangenilipa mimi. Haya, chukua huu.

Wakala wa mnunuzi wa Arusha anatoa 230 kwa kilo ya mbaazi. Tangu tupewe mkoa kila kitu Babati kimepanda, chumba, kiwanja, hata kunyoa. Mbaazi tu imekaa chini. Basi tumekaa watu watatu wenye maghala: mimi gunia 412 za kilo mia mia, Theodori wa Bonga aliyekusimamia ubatizo gunia 380, na Hamdani wa sokoni 300. Tumekubaliana kuuza zote pamoja kwa 300, au hatuuzi. Mbaazi zake zinakwenda India, na meli haingoji, wakala atapanda bei tu.

Jana wakala kanivuta kando. "Baba Ema, uza wewe kwanza, nakupa 320. Nikipata zako mzigo wangu umetosha, wenzako watachukua 170 au wakapikie familia." Nikamwambia atoke hapo na suruali yake ya pasi. Hamdani kusikia, akataka tubadilishane funguo za maghala, asiuze mtu kwa siri. Theodori akasema, "Leo funguo, kesho utataka tubadilishane wake?" Tulicheka mpaka Hamdani akakaa chini.

Hizo namba zinakutosha?

Baba yako,
Aniceti


Dar es Salaam, 3 Oktoba 2004

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, pole na goti. Malaria imeniachia, nimebaki na njaa tu, ambayo hapa ni ya kawaida.

Baba, mfano wako umeniokoa! Nimeuchora ubaoni, jedwali la vyumba vinne, kwa watu wawili tu ili uenee: Aniceti upande huu, Theodori upande ule. Mkishikilia wote, kila mmoja 300. Wewe ukiuza kwa siri na yeye ameshikilia, wewe 320, yeye 170. Akiuza yeye, ni kinyume chake. Mkikimbilia kuuza wote, 230.

Dokta Severine, mwalimu wetu, akauliza, "Aniceti afanye nini?" Darasa zima: "Auze!" Maana Theodori akishikilia, 320 inazidi 300. Theodori akiuza, 230 inazidi 170. Vyovyote atakavyofanya mwenzako, kuuza kunakulipa wewe. Na yeye anapiga hesabu hiyohiyo kwake. Dokta akasema makubaliano ya namna hii hayamalizi msimu. Kuna mwenzetu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Huyo Theodori ameshauza zamani, mzee wa watu hajui tu!" Nilicheka mpaka machozi.

Nimepata 18 kati ya 20. Usichukulie moyoni, ni nadharia.

Binti yako,
Emerensiana


Babati, 17 Oktoba 2004

Ema,

Salamu za mama yako. Afya zetu si mbaya.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika, watoto wa watu kumcheka Theodori ubaoni. Mara ya pili nikachukua kalamu. Namba ni sahihi. Nimezigeuza kila upande, ni sahihi.

Alhamisi nimemwona Theodori amesimama na wakala pale kituo cha mafuta, muda mrefu, vichwa karibu. Aliponiona akanipungia mkono. Nimejiuliza kwa nini alipunga haraka vile. Tangu siku hiyo nampitia mbali.

Swali langu ni moja. Katika jedwali hilo, kuna mahali panapoonyesha kwamba huyu mtu alinishikia mtoto wangu kichwa akimwagiwa maji ya ubatizo? Kama papo, panaongeza shilingi ngapi?

Nijibu haraka. Meli inajaa.

Baba


Dar es Salaam, 9 Novemba 2004

Shikamoo Baba. Natumaini nyote wazima.

Nisamehe. Tulikuwa kwenye majaribio, na barua yako imelala kwenye sanduku la kitivo zaidi ya wiki mbili. Nimeipata leo asubuhi.

Hapana, jedwali halina mahali hapo. Lakini sikiliza, jana tumefika sura inayofuata. Jedwali lile ni la watu wanaokutana mara moja tu kisha kila mtu na njia yake. Watu wanaokutana kila msimu hesabu yao ni nyingine kabisa. Anayejua kwamba mwakani atamhitaji mwenzake hawezi kumuuza mwaka huu kwa shilingi ishirini. Dokta mwenyewe alisema, kwa watu hao ahadi inashika.

Ninyi mna mbaazi kila mwaka, Baba. Theodori hatauza. Usiuze. Nakuomba, nenda kwake ukamuulize tu.

Ema


Babati, 21 Novemba 2004

Emerensiana,

Tupo.

Niliuza tarehe 28 Oktoba. Gunia zote 412, kwa 320, pesa mkononi.

Theodori hakuuza. Pale kituo cha mafuta alikuwa anambana wakala atupe 300 wote, na Jumatano, siku moja kabla sijauza, wakala akakubali, malipo Jumatatu. Theodori akanitafuta anipe habari. Mimi nilikuwa namkwepa. Ijumaa jioni akanikamata nyumbani, yeye na Hamdani, wanacheka tangu barabarani, Theodori amebeba soda kreti nzima. Mama yako akawafungulia. Mimi nikawa nimekaa tu. Theodori akasema, "Vipi, Baba Ema, mbona kama umefiwa?" Nikamwambia ghala langu tupu. Alidhani natania. Aliendelea kucheka kidogo peke yake, halafu akaacha.

Wakala mzigo wake ulitosha, akaondoka. Hamdani amewauzia wachuuzi kwa 170. Theodori amekataa kuuza kwa bei hiyo, na zake zimeanza kutobolewa na wadudu.

Sasa namba, maana ndizo nilizoachiwa. Juu ya zile 300, mimi nimepata nyongeza ya 824,000. Kwa 170 Hamdani amepoteza 3,900,000 na Theodori, hata angeuza leo, 4,940,000. Kwa kila shilingi niliyopata mimi, wao wawili wamepoteza kumi na kidogo. Mimi nimefanya biashara miaka ishirini na sita na sijawahi kufanya biashara mbaya hivi, na faida nimeishika mkononi.

Sikutukani. Lakini nilikuuliza. Ulinitumia nusu ya somo, na nusu nyingine imefika wakala akiwa ameshafunga turubai la lori.

Ada yako ipo.

Aniceti


Babati, 16 Januari 2005

Ema,

Heri ya mwaka mpya. Hujaandika tangu Novemba. Nadhani unasoma.

Mama yako goti limepata nafuu. Alimsalimia mke wa Theodori mlangoni mwa kanisa, yule mama akamtazama kama anayetazama ukuta. Watu wa Singe wanapita mbele ya ghala langu na mikokoteni ya mahindi yao ya akiba, wanakwenda kwa Hamdani. Nikiongeza shilingi kumi kwa kilo wanasema, "Asante Mzee, tumeshaahidi." Nimeongeza ishirini. Jibu lilelile. Kijijini Nakwa nako vivyo hivyo, na hao hata sikuwahi kuwakosea.

Theodori nimemwendea mara tatu. Nilimpelekea zile 824,000 kwenye bahasha. Akasema, "Mpelekee Ema, akanunue vitabu."

Wewe umesoma ile sura ya watu wanaokutana kila msimu. Sikuulizi kwa hasira. Nataka nipange mambo yangu. Mtu akivunja ahadi, adhabu yake ni misimu mingapi?

Baba


Dar es Salaam, 20 Februari 2005

Shikamoo Baba.

Mimi mzima. Nilishindwa kuandika. Baba yangu wa ubatizo nimemwandikia mara mbili. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili imerudi haijafunguliwa. Pasaka nitabaki hapa chuoni, usinitumie nauli.

Swali lako lilikuja kwenye mtihani, karibu neno kwa neno. Nililifanya kwa namba zenu, sikuwa na nyingine kichwani. Kuvunja ahadi kulikupa 20 mara moja. Kukosa wenzako kunakupotezea 70 kila msimu, kutoka 300 hadi 230. Kwa hiyo adhabu ya msimu mmoja tu ingetosha kukuzuia usiuze.

Lakini hiyo ni kabla mtu hajauza, Baba. Nimepekua sura yote, hadi maelezo madogo ya chini ya kurasa, nikitafuta namna mtu aliyekwisha kuuza anavyorudi. Haimo. Kitabu tunachotumia kinasema mwenzake hashiriki naye tena, msimu unaofuata, na unaofuata.

Nikaandika: milele. Wamenipa alama zote.

Ada ya muhula imepokelewa, risiti naiweka humu.

Binti yako,
Ema