Kiti cha Kuswalia Kimenasa

Jumamosi, 6 Juni

Alhamdulillahi, uso wa kiti umekamilika. Mti wa mkangazi mtupu, mviringo, mbonyeo mdogo wa kukalia katikati, ukingo laini usiochuna nguo. Nimeupitishia kiganja tena na tena, na kila mara nikaizuia nafsi isijisifu. Haikuzuilika kila mara.

Mwenzangu bado yuko kwa binti yetu tangu alipopasuliwa goti. Daktari amemkataza kukaa sakafuni, na sijida ya chini haimfai tena, ataswali ameketi. Viti vya plastiki havitaki. Anasema vinamyumbisha hata anasahau yuko rakaa ya ngapi. Basi nimemwahidi kiti kizito, kimya, kisichotikisika. Anarudi Ijumaa jioni. Miguu mitatu nimekwisha kuikereza, imelala kabatini katikati ya mashuka. Imebaki kuutoa uso kwenye mashine ya kukerezea, kutoboa matundu, kuunganisha.

Umegoma kutoka.

Ubao umeshikwa kwa skrubu kwenye sahani ya chuma, na sahani yenyewe ina nyuzi, hujifunga kwenye mhimili wa mashine kama kifuniko cha chupa. Siku zote hutumia sahani ya upande wa kulia. Ubao huu ni mpana mno, ungekwaruza kitanda cha mashine, kile chuma kirefu cha chini. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, umefungwa kwa sahani ya pili, ya upande wa kushoto, kwenye nafasi. Nafasi ya ubao — si nafasi ya bisibisi. Skrubu ziko nyuma ya sahani, na nyuma ya sahani hapapiti hata kidole cha mtoto. Kwa ufupi: sahani isipotoka, kiti hakitoki.

Nimeizungusha kwa mikono. Nimeomba dua. Nimeizungusha tena. Kesho.

Jumapili, 7 Juni

Amekuja shemeji, mdogo wake mwenzangu. Dereva wa lori mstaafu, na katika umri wake wote hajakutana na kitu asichokijua. Ndiye aliyenisaidia kuufunga ubao ule wiki iliyopita, na tangu hapo anaiita mashine "yetu".

Alikuja na spana mbili na kipande cha bomba. Akaniarifu kwamba mashine ya namna hii haihitaji dua, inahitaji bomba. Nilimjibu kwamba vyote viwili ni katika neema za Mola mmoja, na kwamba tuanze.

Ukingoni mwa sahani mna tundu. Tukachomeka nondo, nondo tukaivika bomba. Mimi nikaushika mhimili kwa spana usizunguke, yeye akavuta kuelekea kushoto, kama zifunguliwavyo nati zote za dunia. Kimya. Akavuta kwa mikono miwili. Kimya. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa nguvu za ujana wake wote — bomba likachomoka, na shemeji akaketi ndani ya ndoo ya maranda.

Nilidumisha utulivu unaonipasa kwa muda niliojaliwa. Haukuwa mrefu.

Jumatatu, 8 Juni

Mafuta ya taa, kwa ushauri wa shemeji. Tumeyadondosha kwenye ungio, tone kwa tone, na tumeacha yapenye. Chumba kinanuka kama karakana. Nimelazimika kubadili shati kabla ya kwenda msikitini.

Mwenzangu alipiga simu baada ya magharibi. Goti linaendelea vizuri, jirani wa binti yetu ana redio kubwa kuliko nyumba yake, na je, zile kelele anazozisikia nyuma yangu ni za nini? Nikamwambia ni ndugu yake anagonga kitu. Akasema:

"Maalim, usiniambie umeanza kitu kingine."

Hapo akanikumbusha, kwa upole, na kwa mpangilio ambao ningependa wanafunzi wangu wauige: bawaba ya lango, rafu ya jikoni yenye upande mmoja, na ile meza yetu ya kwanza, ambayo tangu ivunjike miguu imelala stoo ikisubiri niifanye kitu cha maana. Nikasema niko karibu kumaliza jambo moja. Nimelipima neno hilo baadaye kitandani. Si uongo. Ni ukweli ulionasa.

Jumanne, 9 Juni

Mafuta yamelala usiku kucha. Sahani nayo imelala. Tumeivuta asubuhi na alasiri. Shemeji sasa anavuta akiwa amefunga kitambaa kiunoni, kwa sababu ya ndoo.

Jumatano, 10 Juni

Siku nzito kidogo.

Shemeji alileta fundi wa kuchomelea, mtu mstaarabu, mwenye grainda begani kama mtoto aliyelala. Fundi akaikagua sahani, akaipiga kwa kucha, akasikiliza. Akasema hii imejifunga hadi kwenye roho. Njia ni mbili. Akate chuma, na huenda mhimili ukajeruhiwa nao, mashine iwe pambo. Au apasue ubao, aziguse skrubu, mashine ipone.

"Chagua, mzee wangu. Mashine au kiti."

Shemeji akaona jambo jepesi: ubao upasuliwe, nikereze mwingine, kwani mkangazi umekwisha duniani? Ikabidi nimweleze niliyokuwa nimeyanyamazia. Ubao ule si wa dukani. Ni ile meza. Ndiyo tuliyoandalia chakula cha watoto wote wanne. Mkwaruzo mmoja wa uma wa kifungua mimba wetu nimeuacha makusudi upande wa chini. Nilitaka dada yake aketi juu ya ahadi moja niliyoitimiza, na akiwa anaswali. Sina ubao mwingine wenye historia hiyo, na siwezi kuufanya.

Shemeji akavua kofia, akaivaa tena. Halafu akamwambia fundi, kwa ukali ambao hakustahili, aondoe grainda yake mbele ya meza ya dada. Nikamwomba fundi radhi, nikamwomba na muda hadi Jumamosi. Akakubali. Alipokuwa akitoka aliniuliza kama naweza kumtengenezea mama yake kiti kama hicho. Nikasema inshallah, kikitoka.

Alhamisi, 11 Juni

Leo naandika kwa furaha.

Kila Alhamisi, kabla ya darasa la watu wazima, huifungua feni ya darasani na kuipangusa vumbi. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Leo nikatoa wavu, nikashika kile kifuniko cha katikati kinachobana mapanga, nikakizungusha kulia, kikafunguka, nikakiweka mezani.

Kulia!

Nikakirudishia. Nikakifungua tena. Kulia. Mkono wangu uliyajua hayo siku zote, wala haukuona haja ya kunijulisha. Mzee mmoja wa darasa langu, muuza viatu, akauliza kama nimejisikia vibaya. Nikamwambia la, nimejisikia mjinga, na ni afadhali.

Sababu yake nimeifikiri njiani. Mapanga yanapozunguka, kifuniko chenye nyuzi za kawaida kingejilegeza chenyewe na kuruka. Ndiyo maana kimechongwa kinyume, mzunguko uzidi kukikaza. Na mashine yangu? Mhimili ni mmoja, una ncha mbili. Mwendo unaoikaza sahani ya kulia ungeilegeza ya kushoto. Basi nyuzi za kushoto hazina budi kuwa kinyume. Basi tangu Jumamosi hatujaifungua sahani ile. Tumeikaza. Kwa spana, kwa bomba, kwa mguu ukutani.

Nikamwita shemeji. Nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza mapema: siku ile nilipomwachia ubao nikaenda kuswalisha adhuhuri, aliifungaje sahani? Akaitazama dari. Akakiri kwamba hakuizungusha. Aliisogeza kwenye mhimili, akawasha mashine kwa mwendo wa chini, "ikajimeza yenyewe, Maalim, nikafurahi." Hivyo hakuna mkono uliojua inakwenda upande gani. Mashine ndiyo iliyojua.

Nikamuuliza kuhusu pete ya ngozi, maana mimi kila mara huweka pete niliyoikata kwenye kandambili kuukuu baina ya sahani na bega la mhimili, chuma kisiume chuma. Akauliza, pete gani? Nikatia mkono kwenye mfuko wa shati nililovaa siku ile, lililokuwa bado linasubiri kufuliwa. Imo. Niliswalisha watu nayo.

Hasira yangu ilidumu kiasi cha istighfari tatu. Ya nne ikanitoka na kicheko, kwa kuwa shemeji, mtu wa miaka sitini na mbili, mwenye wajukuu, alinishika mkono akanisihi nisimshtaki kwa dada yake.

Ijumaa, 12 Juni

Naandika kwa haraka, jambo lisilo la kawaida yangu.

Baada ya swala ya Ijumaa tulifunga kitambaa cha maji ya moto kwenye shingo ya sahani, chuma kipanuke. Nondo, bomba, spana. Safari hii kulia. Haikusogea. Kule kukaza kwetu kumbe kulikuwa kazi ya ustadi. Laiti lango langu ningelifunga hivyo. Tukabadilisha kitambaa. Tukavuta. Ubao ukatoa mlio mwembamba, tukaacha.

Ndipo gari likapiga honi nje. Binti yetu amewahi. Hakutaka kumleta mama yake jioni penye foleni.

Mwenzangu akaingia taratibu na mkongojo wake, akasimama mlangoni mwa chumba cha mashine. Akamwona mumewe na spana, akamwona ndugu yake na bomba, na kitambaa kinatoa mvuke. Kisha akaja, akaniegemea begani, akanyoosha mkono akaugusa ubao. Kiganja chake kikapita juu, kikazunguka ukingo, kikaingia upande wa chini. Kikasita kwenye mkwaruzo.

"Hii ni meza yangu."

Nikasema ndiyo.

"Na imenasa."

Nikasema ndiyo. Shemeji akaanza kueleza habari za nyuzi za kushoto, kwa ufasaha, kana kwamba ndiye aliyefungua feni. Dada yake akamkatiza. Akamuuliza kama ni yeye aliyeifunga. Shemeji akasema, kwa sauti ya mtoto, kwamba mashine ilijifunga yenyewe. Mimi sikumshtaki. Mwenzangu akacheka hadi ikabidi nimshike vizuri.

Binti akaleta kiti cha plastiki kutoka jikoni. Mama yake akakikataa kwa kichwa. Akatuambia tuvute, aone. Nikamwambia ubao umelia, unaweza kupasuka. Akasema amekaa wiki nzima akisikiliza redio ya watu, hakuja kutazama wanaume wawili wakipoza chuma.

Basi tukavuta, kulia, kwa pamoja, yeye mkono mmoja begani kwangu na mwingine juu ya ubao kama anayempima mtoto homa. Kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Tk.

Mlio mmoja, mkavu. Yaweza kuwa ni nyuzi zimeachia. Yaweza kuwa ni mkangazi. Shemeji akaachia bomba, akainama kutazama — na adhana ya alasiri ikaanza. Dada yake akamshika kola.

"Acha. Kama kimetoka kitatungoja, na kama kimepasuka kitatungoja vilevile. Twende tukaswali."

Hakuna aliyetazama. Bomba bado linaning'inia, kitambaa kinapoa. Nimeingia kubadili shati, nami nikaona niandike mistari hii michache maadamu bado sijui. Yeye anatawadha, namsikia akimwambia binti maji ni baridi. Shemeji amekaa kizingitini mwa chumba cha mashine, ameipa mashine mgongo, kama mlinzi.

Sasa maji yamefungwa. Ananiita. Anasema ataswali amesimama, nije na bega langu aliegemee, na nisilitikise—