Chupa ya Kope

Kalemie, Jumapili

Mahmoudi wangu,

Tangu juzi mlio mmoja haunitoki masikioni: niliminya chupa ya Mama ya dawa ya macho, ikatoa pumzi tu, fyuu. Presheni ya macho imekwisha kumla jicho la kushoto, na la kulia linafifia. Vita vimefunga barabara, maduka ya dawa ni matupu.

Shule yetu bado imefungwa. Siwezi kutulia, nafagia ua ambao nimetoka kuufagia.

Jana dada yako Adija alishuka botini na zawadi yako, chupa ndogo ya dawa na kibrashi chake, akicheka: "Hii njo dawa ya kuotesha kope, wifi! Bibi harusi gani mwenye macho ya kuku?" Nikampelekea muuguzi anayemtibu Mama, Mama Virginie, aikague kwanza. Akasoma chupa, akanitazama. "Mutoto wangu, hii njo dawa ileile ya mama yako."

Najua ulitaka nipendeze siku yetu. Nitakuja na kope zangu hizihizi chache, kama bado unanitaka. Mama nimeshamtia tone la kwanza. Kibrashi cha kupakia kope nakurudishia, kimo ndani ya bahasha hii.

Wako, kama utakavyonikuta,
Maimouna