Mate ya Mke

Jumatano, Mkomani, baada ya isha

Bado nina hasira, wala siitubii.

Leo kituo cha polisi afisa ametaka kufunga jalada la mifupa ya mtu iliyookotwa Mkokoni miaka tisa iliyopita. "Mwalimu, maabara imepima vinasaba, imesema hailingani na familia," akaniambia.

Nikamuuliza walipima mate ya nani. Akafunua karatasi. Ya Bi Zainabu, mke wa Shee aliyepotea.

"Bwana, mke na mume wana damu moja tangu lini?"

"Tuliambiwa yeye na mumewe ni mabinamu. Tukaona inatosha."

Bi Zainabu, niliyemsindikiza, alikuwa ameketi kando yangu. Miaka tisa si mke, si mjane. Hawezi kukaa eda bila kujua kama mumewe amekufa. Akasema polepole, "Mamake Shee yu hai, yuko Chundwa. Mbona hamkumwendea?"

"Chundwa ni mbali, mama."

"Mimi nimetoka huko kuja kwako mara kumi na nne."

Nilikataa kuinuka mpaka alipoandika kwa mkono wake kwamba kesho anapanda boti nasi kwenda kuchukua mate ya yule mama.

Naogopa. Mama mwenyewe kifua kimembana tangu Ramadhani. Na huenda mifupa si ya Shee, nikawa nimemtia Bi Zainabu tumaini bure. Lakini kosa lao halitakuwa kaburi la mtu.

Tulipotoka, Bi Zainabu aliniambia nguo za eda alizishona mwaka ule wa kwanza, zikaliwa na mende. Ameshanunua kitambaa kingine.