Uso wa Mama na Kamera ya Wanaoanza

Jumanne, 29 Aprili

Nimepangusa lenzi tena kwa kitambaa cha miwani. Haisaidii. Picha za Conwy zimetoka kama za safari zote: ngome nyeusi, bahari ya kijivu, na chengachenga kila penye kivuli. Nilipanda treni alfajiri, nikalowa mvua mchana kutwa, nikarudi na hizo.

Kamera hii ni ya wanaoanza. Iliandikwa hivyo kwenye boksi. Nimekuwa nayo tangu mwanangu Ikram akiwa darasa la kwanza, na bado naanza.

Niseme ukweli. Hapa hakuna wa kunisoma: Ikram hawezi kusoma Kiswahili, na Mama hakusoma kabisa. Shida si ngome. Mama anarudi Isiolo katikati ya Mei, na harudi tena huku. Anataka Idi ya kuchinja imkute kwao. Nitamsindikiza, nikae kidogo, nirudi peke yangu. Na sina picha yake hata moja. Amekaa nami huku ughaibuni, hapa mtaa wa Washwood Heath, miaka yote hii, na kila nikiinua kamera anavuta mtandio usoni. Kamera inahangaika kutafuta pa kulenga, inakoroma, inafyatua kwa kishindo, na nikitazama nimepata mtandio. Nina picha nyingi sana za mitandio.

Nataka uso wake mara moja tu kabla hajaondoka. Ndiyo maana nawaza kununua kamera kubwa. Nikiulizwa nitasema ni ya safari.

Alhamisi, 1 Mei

Wanjiru amenisikia nikilalamika tena. Tunafungasha dawa pamoja pale famasi, na wikendi yeye hupiga picha za harusi za kanisani kwao. Ana begi la lenzi zito kuliko mtoto mchanga. Akaniletea kamera yake moja nijaribu.

"Wewe unaenda vita na kisu cha mboga, wenzako wako na drone," alisema. "Kaa nayo hadi Friday ingine. Ukirudi useme bado unapenda hiyo toy yako, mimi nitakuombea."

Nimeijaribu sebuleni. Haina sauti kabisa. Unabonyeza, hakuna kinachosikika, picha imeshaingia. Na kuna kiboksi cha kijani kwenye skrini kinachoruka chenyewe hadi kwenye jicho la mtu. Ikram alikimbia chumba kizima, kikamfuata. Akajificha nyuma ya pazia, akachungulia, kikamdaka. Alicheka. Mimi nilistuka kidogo. Kamera yangu haijui tofauti ya jicho na kitasa cha mlango.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya juzi.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda mjini kwenye duka la kamera zilizotumika. Wanayo moja kama ya Wanjiru. Bei inakaribia tiketi ya ndege. Muuzaji, kijana mpole mwenye ndevu, amesema wataniwekea hadi Jumamosi ijayo, na wakichukua yangu ya zamani watanipunguzia. Aliigeuza mikononi, akaitazama kwa huruma. Iliniuma. Sikujua naipenda kiasi hicho.

Nimeshinda nikitazama watu mtandaoni. Mmoja anasema mwili wa kamera si kitu, nunua lenzi. Mwingine anasema lenzi si kitu, jifunze mwanga. Wa tatu anasema uza vyote, simu inatosha, na huyo ndiye mwenye vifaa vingi kuliko wote. Nimempigia kaka yangu Abdi huko Isiolo kumuuliza. Akasema nimletee simu yeye.

Mchagua jembe si mkulima. Najua. Lakini na jembe butu je?

Jumapili, 4 Mei

Nimempata.

Niandike kwa utaratibu. Tulikwenda vilima vya Lickey, mimi, Mama na Ikram. Tulishuka treni Longbridge kwanza, Mama akataka maji. Nilimwambia pale palikuwa na kiwanda cha magari, watu kwa maelfu. Akatazama maduka na nyumba mpya, akauliza magari yalikwenda wapi. Nikaenda kumnunulia maji.

Juu kilimani palikuwa na upepo. Aliketi kwenye benchi, mji mzima uko chini yake. Nilijifanya napiga picha za miti. Kiboksi kikatoka kwenye miti chenyewe, kikaenda kutua kwenye jicho lake. Nilibonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Hakugeuka. Mtandio ulikuwa mabegani, anatazama mbali, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kumwita mtu.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila kunyanzi lipo. Kovu dogo la kidevuni lipo, sikujua hata lina umbo gani.

Nilitegemea nitafurahi. Badala yake niliificha kamera begini kama nimeiba dukani.

Jumatatu, 5 Mei

Sikukuu ya huku, famasi imefungwa. Nimeitazama picha hiyo asubuhi, mchana, na tena nikisubiri wali ukauke. Ikram alipita nyuma yangu akasimama. Akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama bibi anajua. Nikamwambia akakunje nguo zake.

Hajui. Ndiyo, hajui. Lakini mimi ni mwanawe. Je, mtoto kumtazama mama yake ni wizi? Nikiwaza hivi naona nina haki. Nikiinua macho nikamwona yuko jikoni anachambua mchele, naona sina.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Wanjiru nimeamua kununua. Mchana nikamwambia sinunui. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 7 Mei

Ameiona.

Kosa ni langu. Mama anapenda kutazama picha za mahali. Baada ya chakula aliomba kuona za kilimani, nikampa kamera huku nikijua kilichomo. Labda nilitaka aione. Nilimwonyesha kitufe cha kusogeza. Mti. Mti. Ikram. Njia. Kisha yeye.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mezani taratibu kama bakuli lililojaa.

"Kila picha niliyopigwa maishani," alisema, "palikuwa na mtu mezani anaamua kama nitapita."

Akanihesabia. Ya kwanza ni enzi zile kwetu, Wasomali walipopangwa foleni, wakapigwa picha na kupewa kadi ya kuonyesha kwamba ni Wakenya kweli. Alikuwa amenibeba mgongoni. Ya pili kitambulisho, alichokisubiri hadi akazeeka. Kisha pasi. Kisha viza, wakamwambia avute mtandio nyuma, masikio yaonekane. Kisha uwanja wa ndege hapa, mashine ikamkataa, ikabidi aitwe mtu.

"Hawa wote waliniomba kwanza," alisema. "Walisema, mama, tazama hapa."

Akaenda kulala. Jua lilikuwa bado halijatua.

Miaka yote nilidhani ni dini. Nilidhani ni haya. Sikuwahi kumuuliza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimezifuta picha zile. Zote mbili. Kidole kilikataa mara ya kwanza.

Nilimwambia asubuhi nikimmiminia chai. Akasema, "Ulichokiona umekiona." Sijui kama ni msamaha au ni lawama. Amekunywa chai. Ameniuliza kama kuna sukari nyingine. Sasa sina picha na sina ruhusa, na bado nina hamu ile ile. Kufuta hakujarekebisha chochote. Najichukia kidogo, na huku najutia ile picha. Yote mawili kwa pamoja, kichwa kimoja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemrudishia Wanjiru kamera yake. Ameniuliza imekuwaje. Nikasema inafanya kazi vizuri mno. Akadhani nasifu.

Muuzaji amenipigia kukumbusha: kesho ndiyo mwisho.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa navaa viatu, kamera ndogo iko begini na chaja yake na mkanda wake, tayari kuuzwa. Mama akatoka chumbani amevaa koti. Akasema anakuja. Tangu Jumatano hatujasemezana zaidi ya chai na sukari, kwa hiyo sikubisha. Kwenye basi alikaa dirishani. Nilitaka kumwomba radhi vizuri, badala yake nikamwonyesha jengo jipya.

Dukani muuzaji alitoa ile kubwa, akaiweka kwenye kitambaa cheusi. Mama hakuitazama. Aliivuta ile yangu kutoka begini.

"Hii ndiyo unatupa?"

Nikamwambia siitupi, nabadilisha. Akauliza mtu anatazama wapi. Nikamwonyesha kile kitundu cha nyuma. Akaiweka jichoni, kichwa chini kwanza, nikamgeuzia. Akanigeukia mimi, akamgeukia muuzaji, akageukia mlango na watu wanaopita. Akarudi kwangu.

"Kumbe ukiwa huku nyuma hakuna anayekuona," alisema.

Kisha akaniambia nimtazame. Alisema hivyo hasa: "Tazama hapa." Niliogopa. Sijui niseme vipi, mtu mzima mwenye mtoto wa sekondari, niliogopa. Nikajikuta nimenyoosha shingo, nimeweka uso wa pasi. Nikitazama kile kijicho cheusi nilijiuliza kama nitapita.

Kamera ikakoroma, ikahangaika, ikafyatua kwa kishindo.

Muuzaji aliuliza mara tatu kama tunaendelea na mpango wetu. Kila akinyoosha mkono Mama anaivuta kifuani. Mwishowe nilimwambia asamehe, ampe mwingine ile kubwa. Alicheka, akamvisha Mama mkanda wa kamera shingoni vizuri. Nimetoka bila kununua na sijui kama nimeamua au nimeamuliwa.

Jumatano, 14 Mei

Kufungasha. Blanketi mbili, dawa za Mama, simu ya Abdi, mwenyewe hatanishukuru. Ikram anabaki kwa shangazi yake kwa sababu ya mitihani. Amelia, akasema halii.

Mama anatembea nyumba nzima na kamera shingoni. Nimemfundisha kuwasha, kulenga na kufyatua. Hataki zaidi. Nilipomweleza mambo ya mwanga alinitazama kama ninayemfundisha kupika chai.

Nilimwomba jana, kwa maneno kamili, kama ataniruhusu siku moja. Sikuwa na kamera mkononi, nilikuwa nimekaa sakafuni namkata kucha. Akasema, "Hapana, mwanangu." Kwa upole kabisa. Nikasema sawa. Nimelia bafuni bomba likiwa wazi.

Alhamisi, 22 Mei. Isiolo

Joto. Nimelala vibaya. Nyumba ya Abdi imejaa watu wa kumpokea Mama, na Mama hakai kitako. Anapiga picha. Majirani wanamcheka, anawaambia kwanza, wakikataa anaishusha. Wengi hawakatai. Mimi sijapiga hata moja. Safari nzima na sina kamera mkononi. Siku mbili za kwanza mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

Abdi ameuliza kwa nini sikununua simu kubwa zaidi.

Jumanne, 27 Mei. Isiolo

Kesho naondoka. Nimemwachia kamera. Hakuniomba, ila nilipoiweka begini alikaa kitandani akitazama begi. Nikaitoa. Nimechukua kadi ya picha tu, nikamwekea nyingine tupu. Mtoto wa Abdi atamsaidia kuchaji.

Aliniombea dua ndefu, mkono kichwani. Sikuinua uso.

Jumapili, 1 Juni

Nyumbani. Mvua nyepesi. Ikram yuko kwenye kochi lake, mimi mezani. Chumba cha Mama mlango uko wazi; nilijaribu kuufunga nikaona ni mbaya zaidi.

Nimefungua kadi. Nilidhani nitaona mji, milima, soko, mbuzi. Vimo, viwili vitatu. Zilizobaki zote ni mimi. Mimi nimelala kwenye kiti cha ndege mdomo wazi. Mimi nabishana na Abdi, mkono hewani. Mimi nakula. Mimi nafunga kamba za viatu. Mimi kwa nyuma, nimesimama mlangoni, mabega yameshuka. Sikujua mabega yangu yameshuka hivyo. Nyingi zimepinda, nyingi zina ukungu. Miaka yote ya kusafiri, Whitby, Conwy, kote huko, mimi sikuwamo kwenye picha hata moja. Wala sikuwa nimeliona hilo.

Na kwenye kila picha, kona ya chini kushoto, kuna kitu kama wingu la rangi ya udongo. Mwanzo nilidhani lenzi ni chafu. Ni kidole gumba chake. Kimeziba kona ya lenzi kila mara, tangu ya kwanza pale dukani. Katika moja, kwenye jua kali la Isiolo, inaonekana hadi hina ya ukucha.

Ikram alikuja akasimama nyuma ya kiti. Aliweka kidole chake kwenye skrini, juu ya kile cha bibi yake, akakiacha hapo kidogo.

Wanjiru ameandika kuuliza kama bado natafuta kamera. Nimemwambia bado sijui. Nimeweka maji ya chai.