Siku Yako Tumeisogeza Sababu ya Baridi

Bahati,

Nani alikuruhusu kutangulia mbele ya bibi yako? Wajukuu ndio wanaozika bibi. Bon, nimesema, sitalirudia.

Siku ya kuondoa matanga yako tumeisogeza. Usinune. Ni dada yako Rehema. Tulikuwa tumepanga Jumamosi, hapa mjini kwangu Whitehall: ndugu wa mji wa Louisville walete nyama, wale wa Buffalo, kule kaskazini kando ya ziwa, waje na kwaya ya watoto kwenye gari la kanisa. Rehema akafungua kompyuta yako, ile uliyosomea hali ya hewa, akasema, "Bibi, hapana. Baridi ya kuua inashuka."

Nje jua linawaka. Nikamwambia siku ya marehemu haisogezwi na mtoto wa juzi. Mjomba wako wa Louisville akacheka kwenye simu: "Mama, huyo binti amekuwa nabii?"

Rehema akanieleza kama ulivyonieleza wewe, ukila ugali wangu huku unachora mezani kwa kidole. Bahari kubwa ya magharibi ikipoa huku na kupata joto kule, upepo wa juu unapinda, baridi ya kaskazini inapata njia. Lakini bahari inakuonyesha majira tu. Siku yenyewe unaitafuta kwenye hesabu za kompyuta, na hesabu moja usiiamini, ngoja zikubaliane. Wewe ulisema, "Ni kama kikao cha mahari, Bibi. Mjomba mmoja akikubali, bado hujaoa." Ulinichekesha, mjinga wewe.

Mwanzo wa wiki hesabu zilibishana. Baadaye zote zikasema neno moja. Nikashika simu mwenyewe, nikawazuia wote.

Jumamosi theluji inayotoka ziwani ilifunika barabara ya Buffalo, magari yakakwama, upepo unakata masikio. Watoto wa kwaya walikuwa kwao mtaa wa West Side, huko huko Buffalo, ndani ya nyumba, wanagombania blanketi. Wazima wote. Mjomba wako sasa anamuuliza Rehema hata kama avae kofia.

Mimi sikusoma sana, lakini kazi nzuri naijua. Ulimfundisha vizuri. Nimejisifu kanisani mpaka mchungaji akakohoa.

Pumzika, mwanangu. Matanga yako yataondolewa kwa heshima, hilo nakuahidi, na nitasimama niseme mwenyewe.

Na wewe Rehema, unayesoma umesimama nyuma yangu: futa machozi, fungua hiyo kompyuta, ututafutie Jumamosi ambayo barabara ya Buffalo itapitika.